NANI WA KUULIZWA?



Hapana mwaka upitao bila ya wakubwa wa polisi kusimama mbele ya watu na kuwaomba raia wawe karibu na askari wao, watoe khabari za wahalifu, wala wasijihukumie wenyewe mitaani. Ombi hili si baya, na sisi hatumo katika wanaolicheka. Mji usio na polisi ni mji wa wenye nguvu, na sisi wenye maduka ndio wa mwanzo kulala macho siku askari wanapokosekana barabarani. Lakini yatupasa tuseme wazi kwamba ombi hilo limerudiwa miaka na miaka na jawabu lake limekuwa lile lile: watu hutikisa vichwa, hurudi majumbani kwao, na siku ya pili mwizi akipita mbele ya baraza na mzigo kichwani huwa hakuna aliyemuona. Si kwamba watu wa Unguja na Pemba wanapenda wezi. Wanakhofu kwamba mwenye kutoa khabari ataulizwa yeye zaidi kuliko atakavyoulizwa mwizi.

Khabari ni amana, na amana hawekewi kila mtu. Katika biashara yetu mteja akichukua mchele leo akasema atalipa mwisho wa mwezi, twaandika jina lake daftarini, kwani nyumba yake twaijua, na ana ndugu wa kuulizwa ikiwa yeye hakuonekana. Asiye na wa kuulizwa hakopeshwi, hata kanzu yake ikiwa nyeupe namna gani. Hivyo ndivyo ilivyo imani ya raia kwa polisi na kwa korti. Haiji kwa hotuba, wala haiji kwa mechi ya mpira baina ya askari na vijana wa mtaa. Huja pale raia anapojua kwamba jambo likiharibika yuko mtu wa kuulizwa, ana jina lake, ana mahala pa kukutikana, na hana budi ajibu. Sisi twasema kwamba katika visiwa hivi mtu huyo hayuko, na kwamba maradhi mengine yote ya polisi na korti zetu yametoka hapo.

Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Polisi ni jambo la Muungano. Limo katika orodha iliyo mwisho wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, pamoja na ulinzi na mambo ya nje. Mkuu wa Jeshi la Polisi huteuliwa na Rais wa Muungano, na Waziri wa Mambo ya Ndani hujibu maswali Bungeni, Dodoma. Mahakama Kuu lakini ni ya Zanzibar, na Jaji Mkuu wake ni wa Zanzibar. Mkurugenzi wa Mashtaka naye ni wa Zanzibar, na Chuo cha Mafunzo, yaani jela, ni cha Zanzibar. Rufaa ikitoka Mahakama Kuu huvuka bahari kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa mambo ya kadhi na ya kufasiri Katiba ya Zanzibar. Na juu ya hayo viko vikosi vya Serikali ya Mapinduzi, JKU, KMKM, Valantia na vyenginevyo, ambavyo si polisi, lakini siku za uchaguzi vimekuwa vikionekana barabarani na silaha kama polisi.

Sasa mwananchi na apigwe risasi Wete. Mwakilishi wake akisimama Barazani kuuliza, aweza kuambiwa kwamba polisi ni jambo la Muungano na Waziri anayehusika hayumo katika nyumba ile. Mbunge wake akisimama Dodoma kuuliza juu ya aliyepigwa na kikosi, aweza kuambiwa kwamba vikosi ni vya Serikali ya Mapinduzi. Mke wa aliyepigwa akenda kituoni ataambiwa jalada limepelekwa juu. Akenda huko juu ataambiwa lingali chini. Ni duka la wabia wawili: mteja akirudisha unga wenye wadudu, kila mmoja amwambia mwenzake ndiye aliyeununua. Katika duka kama hilo mteja hagombani sana. Huhama.

Na watu wamehama. Miaka michache nyuma duka letu lilivunjwa usiku, ikachukuliwa mizani, mafuta ya kula na fedha za mauzo ya siku mbili. Tulikwenda kituoni asubuhi. Tuliambiwa gari haina mafuta, tukatoa fedha za mafuta. Tuliambiwa karatasi za kuandikia maelezo zimekwisha, tukaleta karatasi, na bahati njema tunaziuza. Tulipokwenda mara ya nne kuuliza, askari aliyeandika maelezo yetu alikuwa amehamishwa na jalada halikuonekana. Tuliyemkuta pale alikuwa kijana mwenye adabu. Alitupa kiti, akatuambia kweli kwamba hata yeye hajui amuulize nani. Tulipowahadithia wenye maduka jirani hawakustaajabu. Walistaajabu kwamba tulikwenda.

Hasara ya duka hulipika. Ipo isiyolipika, nayo ni ya watoto wanaodhalilishwa. Kila mmoja wetu anaijua nyumba moja katika mtaa wake ambayo mtoto wake alitendwa jambo, mama akapiga kelele siku ya kwanza, kisha akanyamaza. Alikwenda polisi, akapelekwa hospitali, akarudishwa polisi, akaitwa kortini, kesi ikaakhirishwa; akaacha kazi siku nyengine akenda tena, ikaakhirishwa tena. Na muda wote huo mshitakiwa yuko nje kwa dhamana, anapita mbele ya mlango wake akenda msikitini. Mwisho wazee wa pande mbili hukaa, hupeana fedha, na jambo likaitwa suluhu. Serikali iliunda mahakama maalum ya makosa haya katika 2021, na ni haki yake isifiwe kwa hilo. Lakini mahakama haiwezi kumhukumu mtu bila ya shahidi, na shahidi hutoka katika nyumba ile ile ambayo imekwisha kukata tamaa na kituo cha polisi.

Jambo hili halikuanza jana. Julai 1951, katika ile iliyoitwa Vita vya Ng'ombe, wakulima wa Kiembe Samaki walikataa ng'ombe wao wachanjwe, wakatiwa hatiani, watu wakawafuata kwa wingi, na polisi wa mkoloni wakapiga risasi. Juni 1961, katika siku za uchaguzi, watu 68 waliuawa, wengi wao raia kwa mikono ya raia, na polisi hawakuweza kuyazuia mauaji. Wakubwa wa London waliunda tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton, na ripoti yake ikapigwa chapa. Hatumsifu mkoloni, maana alikuwa akijichunguza mwenyewe. Lakini mjukuu wa aliyekufa 1961 aweza leo kuitafuta ripoti ile akaisoma.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuja Mahakama za Wananchi, zilizoenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambamo wakili hakuruhusiwa kumsemea mtu na mahakimu hawakuwa wasomi wa sheria. Mahakama hizo ziliondoka katikati ya miaka ya 1980, baada ya Katiba ya 1984. Walioishi zama zile wangali hai, ndio wazee wa mabaraza yetu, na watoto wao walijifunza kutoka kwao kwamba korti ni mahala pa kuepukwa. Hilo si jambo la kufutwa kwa rangi mpya ya jengo.

Kisha vyama vingi vikarudi, na korti ikajaribiwa. Kuanzia Novemba 1997 walikamatwa watu wa chama cha upinzani cha CUF, wakafika 18, wakashtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Walikaa mahabusu karibu miaka mitatu. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba uhaini hauwezi kufanywa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola kamili. Mwezi ule ule nao walitoka. Wengine waliifurahia hukumu ile, na wengine waliichukia kwa yale iliyoyasema juu ya Zanzibar, na mabishano hayo hayajesha hadi leo. Sisi twauliza jengine. Ikiwa kosa lenyewe halikuwemo katika sheria, miaka mitatu ile nani alipaswa kuilipa? Aliyekamata alisema ametumwa, aliyeshtaki alisema ameletewa jalada, na hakimu alisema dhamana haipo kwa kosa la uhaini. Kila mmoja alitimiza lake, na watu 18 wakatimiza miaka yao.

Ama Januari 2001 hatuwezi kuipita kwa haraka. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulikuwa umeharibika, CUF ikaita maandamano, Serikali ikayakataza. Ijumaa tarehe 26 watu walipigwa risasi mjini Unguja, na Jumamosi tarehe 27 Pemba, katika Wete, Chake Chake, Micheweni na kwengineko. Waliokufa walizidi 30, na waliojeruhiwa ni mamia. Watu zaidi ya 2000 walipanda mashua usiku, wengine na watoto wachanga, wakavuka kwenda Shimoni katika pwani ya Kenya, na nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenziwe ikatoa wa kwake. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule ulitiwa saini Muafaka baina ya vyama viwili, na katika masharti yake iliundwa Tume ya Rais chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mtu aliyejijengea heshima Afrika nzima kwa kazi yake ya ukombozi. Tume ilifanya kazi katika 2002, ikasikiliza mashahidi, ikahesabu waliokufa na waliojeruhiwa.

Waliokufa walihesabiwa. Waliopiga hawakuhesabiwa kortini, na hatukupata kusikia hata mmoja aliyesimamishwa kizimbani kwa risasi za siku zile, wala aliyetoa amri. Na tusisahau kwamba Micheweni aliuawa askari pia. Naye alikuwa mtoto wa mtu, na damu yake inadai kama wanavyodai wengine. Asiyetaka muuaji wa askari yule ajulikane, na akataka wa raia tu wajulikane, huyo hataki haki, ataka kisasi, na gazeti hili halitamsaidia.

Miaka kumi na moja baadaye, Oktoba 2012, mjini kulizuka ghasia kwa ajili ya mashekhe wa Uamsho. Askari mmoja aliuawa Bububu kwa kukatwakatwa. Mashekhe walikamatwa, na baada ya muda mrefu wakapata dhamana katika Mahakama Kuu ya Zanzibar. Kisha katika 2014 wakachukuliwa na kupelekwa Dar es Salaam, wakashtakiwa kwa ugaidi. Mawakili wao waliuliza kwa nini mtu anayedaiwa kukosea Zanzibar, ambako kuna Mahakama Kuu kamili, ahukumiwe Bara. Miaka ikapita, kesi ikiakhirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka wa Bara aliondoa mashtaka, nao wakarudi nyumbani. Hawakuhukumiwa kuwa wamekosa, wala hawakupata hukumu ya kwamba hawakukosa. Watoto waliowaacha wananyonya waliwakuta wako skuli.

Zingatieni hapa, ndugu zetu, kwa sababu wapo wanaosema kwamba mashekhe wale hawakuwa watu wetu na maneno yao mengine hatukuyapenda. Huenda ni hivyo. Haki ya mtu ya kuhukumiwa kwa wakati haitegemei kwamba tumempenda. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa juu ya barua mashuhuri anayonasibishiwa Sayyidna Umar kwa Abu Musa al-Ashari, ambamo alimtaka awasawazishe wenye kugombana hata katika kuwatazama na kuwakalisha, ili mnyonge asikate tamaa na mkubwa asitarajie kupendelewa. Alianza na macho ya hakimu na kiti cha mdai kabla ya hukumu yenyewe. Raia hupima huko huko. Hajui vifungu vya sheria, lakini anajua nani alipewa kiti na nani aliachwa akasimama juani.

Baina ya uchaguzi uliofutwa Oktoba 2015 na ule uliorudiwa Machi 2016, mitaani kulizuka watu wenye kujifunika nyuso, wakipita usiku katika magari, wakapiga watu na kuvunja mabaraza. Wananchi waliwaita mazombi. Jina hilo lina maana kubwa kuliko walivyodhani waliolitoa: zombi hana jina, hana baba, hana afisa wake, hawezi kushtakiwa. Na Oktoba 2020 Pemba ikazika tena. Katika hayo yote, twarudia, hatukuona kizimba kilichosimamishwa mtu.

Bara nako wameanza kuyaona. Januari 2023 Rais wa Muungano alizindua Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai ya mwaka huo ikatoa ripoti. Ilisema mambo mazito: kwamba polisi waache kuwa jeshi kwa tabia na kwa jina, wawe watumishi wa raia, na kwamba upelelezi uwekwe katika chombo cha peke yake. Basi Oktoba 2025, katika siku za uchaguzi, watu wakauawa katika miji ya Bara, na Novemba ikaundwa tume nyengine ya kuchunguza, mwenyekiti akawa jaji yule yule. Hatuna neno juu ya jaji. Ni mtu wa heshima. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa akaiweka rafuni, kisha akarudi kwa tabibu yule yule kuuliza kwa nini hakupona, huyo hakuhitaji kupimwa mara ya pili.

Wengine watatuambia kwamba imani ikisha kuvunjika haiungiki. Yaungika. Twatoa mfano wa mbali kwa makusudi, kwa sababu wenyeji wake walikuwa wamechinjana kuliko sisi. Ireland ya Kaskazini ilikuwa na polisi wake, Royal Ulster Constabulary, ambao karibu wote walikuwa Waprotestanti. Wakatoliki, ambao ni zaidi ya thuluthi ya watu, katika polisi walikuwa asilimia 8 hivi. Kwa miaka 30 askari zaidi ya 300 waliuawa, na raia waliouawa na askari nao walikuwa na makaburi yao. Baada ya mapatano ya Aprili 1998 iliundwa tume chini ya Chris Patten, na Septemba 1999 ikatoa mapendekezo 175. Jina la polisi lilibadilishwa katika 2001 pamoja na nembo ya kofia. Kwa miaka kumi askari wapya waliandikwa nusu kwa nusu, Mkatoliki mmoja kwa asiyekuwa Mkatoliki mmoja. Iliwekwa Bodi ambayo vyama vya siasa vina viti ndani yake, na mkubwa wa polisi hana budi aende mbele yake ajibu. Na aliwekwa Msuluhishi wa malalamiko mwenye wapelelezi wake mwenyewe wasiokuwa chini ya polisi, mwenye uwezo wa kufungua hata majalada ya zamani.

Lakini tusidhani kwamba ilikuwa kazi ya siku moja. Chama kikubwa cha upinzani wa Kikatoliki, Sinn Féin, hakikukubali kuwaunga mkono polisi mpaka Januari 2007, na wanachama wake wengi walikasirika. Walikubali pale walipoona kwamba kiti walichopewa kwenye Bodi ni kiti cha kuuliza, na si cha kupigia makofi. Tofauti hiyo viongozi wetu waishike vyema, kwani katika nchi hii tumepewa viti vingi.

Wenzetu wa Kenya, baada ya mauaji ya uchaguzi wa 2007, walitunga sheria katika 2011 ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Mamlaka hiyo haikuwaponesha. Risasi zilizopigwa Nairobi Juni 2024 zinashuhudia. Hata hivyo wakili Willie Kimani alipouawa katika 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, askari walioshtakiwa hawakuweza kujificha nyuma ya sare. Katika 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyewasaidia, na 2023 wakahukumiwa. Mtu wa Nairobi angali na mengi ya kulalamika, lakini anaijua ofisi ya kupeleka malalamiko yake. Mtu wa Micheweni aende wapi? Iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na ina watumishi wema, lakini kazi yake ni kupendekeza, na mapendekezo tumekwisha kuwa nayo ya kutosha kufungia karanga.

Basi twataka nini? Twataka kwanza mkubwa wa polisi wa visiwa hivi awe na mahala pa kujibu hapa hapa. Hatusemi katika makala hii polisi watoke katika Muungano. Jambo hilo lina mjadala wake na siku yake. Twasema kwamba hata wakibaki katika Muungano hapana kizuizi cha maana cha Kamishna wa Zanzibar kuwekwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi, mara kwa mara na kwa sheria, akasema wangapi wamekamatwa, wangapi wamefikishwa kortini, wangapi wamekufa mikononi mwa askari na kwa nini. Wakubwa wa vikosi nao waende hapo hapo, siku ile ile, ili lisiwepo tena la kurushiana. Serikali mbili zimeweza kukaa kitako kugawana mapato. Na zikae kwa hili.

Pili, kila mtu anayekufa kwa risasi ya Serikali au akiwa mahabusu, hakimu aketi hadharani achunguze kifo chake, jamaa wawepo na wakili wao, na matokeo yasomwe. Hili si jipya. Uchunguzi wa hakimu juu ya kifo ni jambo kongwe katika sheria tulizozirithi. Na malalamiko dhidi ya askari yasipelelezwe na askari wa kituo kile kile. Hata sisi dukani hatumpi mpima unga kazi ya kukagua mizani yake.

Tatu, na wengine wataliona dogo, kila askari na kila mtu wa kikosi avae nambari yake kifuani pahala pa kuonekana, na uso wake uwe wazi. Sisi twaliona ndilo kubwa kuliko yote. Askari mwenye nambari hujizuia mwenyewe, kwani anajua kesho ataulizwa; na askari mwema, nao ni wengi, nambari ile ndiyo inayomlinda asichukuliwe kwa dhambi ya mwenziwe. Tukipata hili moja kabla ya uchaguzi mwengine tutakuwa tumepata zaidi ya yale tuliyoyapata katika tume zote tulizozitaja.

Yako yanayotuhusu sisi. Kijana wa tawi letu akiiba betri ya pikipiki, asifichwe kwa kuwa alibeba bendera mkutanoni. Mwenye kuitwa ushahidi aende, hata mara ya tano. Tukiacha kwenda, kesi hufa, na mkosaji husema hata wapinzani walikosa ushahidi. Na mtoto wa askari anayesoma skuli moja na watoto wetu asiambiwe neno. Tumesikia kwamba yupo aliyeambiwa, na hili ni aibu yetu, si ya Serikali.

Kwa hayo, katibu wa kila tawi na anunue daftari moja la kurasa mia. Kila mtu wa shehia yake anayekamatwa, awe mwanachama wetu au wa chama chengine au asiye na chama, aandikwe jina, siku na saa aliyochukuliwa, kituo alichopelekwa, nambari ya askari kama imeonekana, na saa aliyofikishwa kortini au kuachiwa. Aandikwe na aliyeibiwa akaenda kituoni, na mara ngapi alikwenda. Yasiandikwe maneno ya kusikia, wala matusi, wala mambo ya kukisia. Lisilojulikana liachwe wazi. Madaftari ya Unguja yaletwe ofisi kuu mwisho wa kila mwezi, na ya Pemba yapelekwe Chake Chake. Asiyekuwa na fedha ya daftari aje dukani kwetu, tutampa.